Nukta Nilizozifuta

Picha ya Ndege, Kibaha
Jumapili mchana

Mwanangu Rehema,

Wewe na mama yako mmekwenda kanisani kuagwa na kwaya, na mimi nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha magoti. Magoti yangu leo ni mazima. Nimebaki kwa sababu naijua hotuba itakayotolewa na namjua atakayeitoa. Mjomba wako Elisha atasimama, atavuta suruali juu ya kitambi, atasema binti yetu huyu ana kipaji, na watu watapiga makofi. Kisha atakaa na kumnong'oneza jirani yake kwamba mtoto amepotezwa na baba yake. Nimesikiliza upuuzi kwa miaka yote niliyokuwa mtumishi wa serikali, kwa sababu ilikuwa sehemu ya kazi. Sasa nimestaafu, na sioni kwa nini niendelee kuusikiliza bure.

Kwa hiyo nimekaa mezani kukuandikia. Habari za shuka, ndoo, dawa ya mbu na watu wa kuogopa ndani ya basi mama yako amekwisha kukupa, na alizosahau atazikumbuka kesho pale stendi, mbele za watu, kwa sauti kubwa. Mimi sina maelekezo. Nina jambo moja tu, nalo linahusu ile bahasha ya kaki uliyoiweka chini kabisa ya begi, yenye kitabu cha nyimbo za babu yako. Kuhusu bahasha ile nilikudanganya ulipokuwa na miaka kumi na mitatu, na sijakuambia ukweli hadi leo. Nataka uujue kabla hujakaa mbele ya mwalimu yeyote huko chuoni.

Nianze na Elisha, kwa kuwa ni rahisi kumdharau, na mkono wangu unahitaji kuzoea kalamu kabla haujafika kwenye dharau iliyo ngumu zaidi.

Unakumbuka alivyokuja baada ya barua ya chuo kufika. Alikula kwanza. Alikula kama mtu aliyeagizwa na kamati, akanawa, akajifuta vidole kimoja kimoja, kisha akasema, "Shemeji, tuongee kiutu uzima." Nikajua hakuna utu uzima unaokuja. Akaeleza kwamba alama zako zinatosha uhasibu, zinatosha ualimu, hata uuguzi zinatosha kwa kusukumasukuma. Halafu akatoa hoja aliyokuwa ameipika njia nzima. "Mtoto ana kipaji, hilo hatubishani. Sasa kitu umepewa na Mungu, miaka mitatu chuoni unakwenda kukisomea nini?"

Wewe uliinamisha kichwa. Mimi nikamjibu, "Elisha, na wewe Mungu amekupa mdomo. Ungepelekwa mahali ukafundishwa kuutumia, leo tungekuwa tumepumzika." Mama yako alikimbilia jikoni na nikasikia kifuniko cha birika kikianguka. Alicheka, ingawa hadi leo anakana.

Watu waliona nimeshinda. Sikushinda chochote. Elisha alikuwa anarudia sentensi yangu mwenyewe, niliyoitamka kabla yeye hajazaliwa, na sikuwa na haki ya kumcheka.

Lichunguze neno hilo, kipaji. Hakuna mtu anayemwambia daktari wa meno kwamba ana kipaji, basi asisome, aanze tu kung'oa. Fundi wa transfoma haambiwi apande nguzo kwa sababu amejaliwa. Lakini anayeimba, anayepiga kinanda, anayetunga, huyo anapewa neno hilo kama mtoto anavyopewa pipi ili asilie na aondoke mlangoni. Ni neno la kumsifu mtu huku unamfungia mlango. Kijana wa studio pale barabarani, yule mwenye spika zinazotetemesha bati zetu, alikuambia kompyuta inajua nota zote kwa hiyo chuo ni kupoteza muda. Naye anaitwa mwenye kipaji. Nimeyasikia anayoyatengeneza. Laiti angepoteza muda kidogo.

Sasa twende kwa babu yako.

Hukumkuta. Unamjua kwa picha moja, ile aliyosimama mbele ya ukuta wa kanisa Maneromango, kofia mkononi, mfupi kuliko watu wote. Kazi yake ilikuwa mihogo na korosho, kama wenzake. Jumamosi alasiri alikuwa mwalimu wa kwaya. Alisoma nota kwa mzee wa misheni aliyemtangulia, zile nota za herufi ambazo wewe unazijua vizuri kuliko mimi: d, r, m, f, na kuendelea. Akafundisha watu waliokuwa hawajui kusoma hata majina yao wakaweza kusoma wimbo ubaoni. Wanawake waliokuja wametoka kumenya mihogo, mikono bado inanata, walisimama mbele ya ubao ule na kuusoma.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao watu waliulalamikia. Kila sauti aliifundisha peke yake. Sauti ya kwanza ikifundishwa, ya pili ilitolewa nje, ikakae chini ya minazi mpaka iitwe. Hakutaka watu waegemeane. Alisema mtu anayejua sauti ya mwenzake ataikimbilia siku sauti yake mwenyewe ikimshinda. Basi kila mtu pale alijua njia yake moja tu, na nyimbo zenyewe, sauti zote nne zikiwa pamoja, zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja na ndani ya daftari moja.

Alitunga nyimbo thelathini na moja. Nilizikuta zikiimbwa nilipozaliwa na nilizisikia mpaka nilipoondoka, na leo siwezi kukuimbia hata mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa sisikilizi. Mimi nilikuwa msomaji. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa chumvi. Nilisoma vitabu vya misheni vilivyoachwa kabatini, hata vile vya kilimo cha nchi zenye theluji. Kwaya kwangu ilikuwa watu waliokosa la kufanya wakaamua kulikosa kwa pamoja.

Siku moja, nikiwa na miaka kama kumi na sita, aliniita. Alikuwa ananoa jembe. Akasema, "Njoo nikufundishe kusoma hizi. Kwa wewe ni siku chache tu, unashika haraka." Kijiji kizima alikuwa amekifundisha isipokuwa mwanawe, na nadhani watu walikuwa wameanza kumtania.

Nikamjibu, "Baba, wewe una kipaji. Mimi nina akili."

Alicheka. Akaendelea kunoa jembe. Ndiyo hivyo, mama. Elisha amelipata wapi neno lake, sijui, lakini nilimtangulia, na mimi nililisema kwa mtu aliyestahili kusikia lingine.

Nikaja Kibaha. Unajua nilianza ofisini kama mpiga chapa kabla sijahamia masijala kutunza mafaili. Usichojua ni jinsi nilivyokuwa sivumiliki. Wakubwa waliniletea barua zilizoandikwa kama mtu anayekimbia mvua, mikato imemwagwa kama chumvi, nukta hazipo zinapotakiwa na zimejaa zisipotakiwa. Nilizisafisha. Barua iliyopita kwenye taipureta yangu ilitoka imenyooka, na watu wa wilayani wakaanza kuuliza, hii ameipiga nani? Nililewa swali hilo. Niliwadharau wakubwa wangu kwa mikato yao, nikawadharau wenzangu ambao hawakuiona, na jioni nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga nikiwa nimeshiba dharau.

Pale nilipokuwa naishi waliniita Mzaramo wa huko ndani. Nilipokwenda Maneromango waliniita mtu wa Kibaha. Ukiangalia ramani si mbali, lakini barabara ile mvua ikinyesha huwa ni safari ya siku nzima, na kila mwaka nilipata sababu mpya ya kutokuifunga safari hiyo. Mtu anaweza kuhama kwao bila kwenda mbali. Anapunguza tu kurudi.

Babu yako ndiye aliyenifuata. Alifika siku ya kazi, amevaa koti la kanisani, na daftari limefungwa kwenye kitambaa ndani ya kikapu. Akaeleza kwamba mchwa wameanza kula kingo. Alitaka lipigwe chapa, nakala mbili au tatu, ili hata makanisa ya jirani yapate. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Nakili kama lilivyo."

Nilimsikia vizuri. Nakuandikia maneno yale kama alivyoyasema kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kujishawishi kwamba hakuyasema.

Nilikuwa nalipiga chapa saa za chakula, wenzangu wakiwa nje. Na nilipolifungua, Rehema, niliona aibu kwa niaba yake. Herufi zenyewe zilikuwa safi. Lakini katikati yake kulikuwa na takataka: nukta mbili zimekaa bila kutangulia orodha yoyote, nukta moja katikati ya mstari ambapo hakuna sentensi iliyokwisha, mikato miwili inafuatana, vistari vinasimama peke yake kama watu waliosahau walichofuata, na vijiti vya wima kila baada ya hatua. Nikajiambia, masikini, mzee alifundishwa herufi akaachwa njiani kabla ya kufundishwa alama. Nikamwonea huruma. Ile huruma ndiyo inayonichukiza zaidi leo. Ningekuwa na dharau tupu pengine ningenakili kama lilivyo na kumcheka. Lakini nilimpenda, kwa hiyo nikamsahihishia.

Nilifuta kila nukta, kila kistari, kila kijiti. Kati ya herufi na herufi nikaweka mkato mmoja, nadhifu. Mwisho wa kila mstari nikaweka nukta. Nyimbo thelathini na moja.

Wewe ndiye uliyenifundisha nilichofanya, kwa hiyo nakurudishia somo lako nione kama nilielewa. Herufi inasema sauti iwe juu au chini kiasi gani. Haisemi iwe ndefu au fupi. Urefu uko kwenye zile takataka. Nukta mbili hutenga pigo na pigo. Nukta moja hukata pigo nusu kwa nusu, mkato huikata nusu nayo, kistari husema shikilia, usiachie bado. Mimi niliacha ngazi, nikafuta muda wa kupanda kila daraja. Babu yako alikuwa hajakosea hata alama moja. Aliyekosa kujua kusoma chumbani mle alikuwa mimi, mwenye akili.

Na daftari? Ijumaa mchana ofisi ilikuwa inachoma karatasi zilizokwisha kutumika, kwenye pipa nyuma ya jengo. Nilikuwa na kanuni kwamba nakala safi ikitoka, rasimu haina kazi. Nililitia pipani kwa mkono wangu, na kitambaa chake.

Pasaka nikapeleka kitabu Maneromango, kimeshonwa uzi, jalada gumu, jina lake kwa herufi kubwa. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akalowesha kidole, akafungua. Akapitia kurasa zote. Hakuruka hata moja. Nilisimama pale nikisubiri sifa kama mbwa anavyosubiri mfupa. Alipofika mwisho akauliza, "Na daftari?"

"Nililichoma, baba. Lilikuwa limechakaa."

Akapitisha kidole juu ya mstari mmoja hadi mwisho wake. Kisha akasema, "Umepiga chapa vizuri. Mistari imenyooka. Ahsante, mwanangu."

Akafunga kitabu. Mama akaleta chakula. Nilirudi Kibaha na majivuno niliyoyabeba hadi nywele zikaanza kuwa nyeupe, na nakala moja ya kitabu ikakaa kabatini mwangu chini ya vyeti, mpaka ulipoikuta wewe.

Ulikuwa umejifunza nota kwa yule mama mwinjilisti mstaafu, kwenye kinanda chenye kitufe kimoja kisicholia. Nilikusikia sebuleni unajaribu, unasimama, unajaribu tena. Kisha ukaja mlangoni umeshika kitabu. "Baba, hizi nota hazina muda."

Nikakuuliza muda gani. Ukachukua penseli na ukanieleza kwa upole, kama muuguzi anayemweleza mgonjwa dawa, kila alama na kazi yake. Nilielewa kabla hujafika kwenye kistari. Nilikaa kwenye kiti kile kile ninachokikalia sasa na nikaona lile pipa. Ulipomaliza ukauliza, "Kwani babu hakujua kuandika nota?"

Nikajibu, "Labda hakujua."

Huo ndio uongo wangu. Maneno mawili. Nilimchoma mara ya pili, na safari hii nilikuwa najua ninachochoma.

Uliuamini, kwa sababu hukuwa na sababu ya kutoamini. Na mwaka huu, ulipoandika barua ya kuomba chuo, uliniletea niipitie. Ukaandika kwamba babu yako alikuwa na kipaji kikubwa lakini hakuwahi kufundishwa kuandika muziki, ndiyo maana nyimbo zake zimepotea, ndiyo maana unataka kusoma. Ni aya nzuri kuliko zote katika barua ile. Nilikusahihishia mikato miwili. Aya yenyewe nikaiacha kama ilivyo. Ona jinsi ninavyochagua mahali pa kunakili kama ilivyo.

Wiki iliyopita nilimwambia mama yako nakwenda kupima presha, nikaenda Maneromango. Aliyebaki katika kwaya ile ni mmoja, Shangazi Salome, bibi yako, na hata yeye anabaki kwa ubishi. Nilimkuta barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuuza shamba au umekuja kuniona?"

Nikamwambia shamba lilikwisha kuuzwa, tena nilikuwepo. Akasema basi imebaki kumwona yeye, nikae. Nilimpa sukari na majani ya chai, nikatoa nakala yangu ya kitabu. Alipoiona alicheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza anachekea nini. Akasema hajakiona kitabu kile tangu Jumamosi ile babu yako alipokipeleka kanisani.

Sikuwahi kujua kwamba alikipeleka. Nikamwomba anisimulie, naye akanisimulia bila kuacha mchicha. Babu yako aliwaonyesha kwaya nzima kitabu kikiwa juu, kila mmoja akakigusa. Kisha akawaambia kimepigwa chapa vizuri sana na mwanawe, kiwekwe kabatini, kisifunguliwe, nyimbo wataendelea kuziimba kutoka kichwani. Mmoja wao alikifungua hata hivyo, akaona, akaanza kusema. Babu yako alimnyamazisha. Akawakataza wote wasiniambie.

"Alisema, ana kazi ya watu yule, msimvunje moyo," Shangazi akaniambia. "Tukakaa kimya. Ungekuja ukauliza tungekwambia. Hukuja."

Kwa hiyo elewa, mwanangu. Watu ambao niliwaona hawajui kitu, waliotoka shambani wakasimama mbele ya ubao, wote walijua kwamba mimi sijui kusoma. Krismasi zile chache nilizokwenda walinipisha kiti, wakaniita bwana mkubwa, wakaniuliza habari za ofisini. Nilikuwa napokea heshima ile na kuwadharau kidogo kwa kunipa. Walikuwa wananihurumia, kama nilivyomhurumia babu yako juu ya taipureta. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na sababu.

Nikamwomba aimbe wimbo wa kumi na tisa, ule wa kuvuna. Akaimba. Sasa kumbuka utaratibu wa babu yako: Shangazi alikuwa sauti ya pili, na sauti ya pili ndiyo pekee anayoijua. Umewahi kumsikia mtu anayezungumza kwenye simu, ukasikia majibu yake na usisikie maswali? Ndivyo wimbo ulivyokuwa. Alipofika mahali ambapo sauti nyingine zinaingia alinyamaza, akasubiri, macho amefumba, kidole amekiinua, anawasikiliza watu waliokwisha kufa wamalize sehemu yao. Kisha akaendelea. Na muda wote mkono wake ulikuwa unapiga goti. Hapo nikaelewa nilichokuwa natazama. Goti lile lilikuwa na nukta zangu.

Najua utauliza kwa nini sikumrekodi. Nilimrekodi. Simu yangu ina dakika nne za bibi anayekohoa, jogoo, na pikipiki inayopita. Mjukuu wake aliyekuwepo alisema basi, kazi imekwisha, si ipo kwenye simu. Simu inasikia kila kitu na haielewi chochote, na nimeishi vya kutosha kujua kwamba huko si kusoma, ndivyo nilivyokuwa mimi mbele ya daftari. Inahitaji mtu anayejua. Sauti ya pili ikishajulikana urefu wake, pamoja na herufi za sauti nyingine tatu ambazo kwa bahati sikuzifuta, pengine mtu aliyesomea anaweza kukadiria jinsi zote nne zilivyokuwa zinakwenda. Pengine. Nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote katika mtaa huu, na hapo kwenye pengine ndipo elimu yangu inapoishia. Siwezi kuvuka hata hatua moja. Kwa hiyo mtu akikuuliza chuo cha muziki unakwenda kufanya nini, na watakuuliza, hata huko huko chuoni watakuuliza, huna haja ya kumjibu kama nilivyomjibu Elisha. Majibu ya namna ile hupendeza mezani tu.

Nilimwomba Shangazi aimbe tena, taratibu. Nikachukua penseli, na juu ya kila herufi ya sauti ya pili nikaweka kijiti kimoja kwa kila pigo la goti. Herufi iliyoshikiliwa mapigo mawili ina vijiti viwili. Mahali aliponyamaza nimeweka duara tupu, moja kwa kila pigo alilosubiri. Aliimba nyimbo tatu: wa kumi na tisa, wa nne, na wa ishirini na sita mpaka katikati, halafu akasema zilizobaki zimemkimbia na mchicha unanyauka. Nilipoaga aliniuliza, "Huyo binti yako anasoma hizi?" Nikasema anakwenda kusoma. Akasema, "Basi aje mapema. Nikifa mimi mtabaki na mistari."

Kitabu chenye kurasa hizo tatu nimekirudisha kwenye bahasha asubuhi hii ulipokuwa unaoga. Vijiti vya penseli ni vyangu. Siwezi kusema ni sahihi. Mara mbili nilichelewa kuandika, na mara moja nadhani alisahau na kuanza upya bila kuniambia. Barua hii pia sijaipitia. Kuna mikato imekaa vibaya, naiona kutoka hapa, na nimeiacha.

Ile aya yako kuhusu babu, tafuta siku uirekebishe. Waambie alijua. Waambie aliandika kila nukta mahali pake, na kwamba nyimbo zimepotea kwa sababu ya mwanawe aliyekuwa anajua kupiga chapa. Usilifiche jina langu kwa ajili ya heshima. Nimeshaheshimiwa vya kutosha na watu walionijua.

Nawasikia mnarudi kutoka kanisani, Elisha akisikika kwa mbali kabla ya wengine wote. Atataka chai.

Utakapokuwa umejifunza, zifungue zile kurasa tatu uvitazame vijiti vyangu kimoja kimoja. Kama nimekosea, nipigie simu uniambie ni wapi, ni pigo lipi, hata kama nitakuwa nimezeeka na mama yako anakukonyeza uniache. Babu yako alinipenda akaninyamazia, na wewe una moyo wake, nimeuona siku ile ukiwa na penseli. Kwa hiyo nakuomba mapema. Usije ukaniambia mistari imenyooka.

Baba yako